Kichwa Kiling'aa, Waya Ukaungua

Mpwa wangu ana kovu kwenye kiganja cha mkono wa kulia, refu kama kijiti cha kiberiti. Kovu hilo nimelitia mimi. Sikukusudia kumchoma, lakini nililiandaa kwa miezi 14, usiku baada ya usiku, nikidhani natengeneza roboti. Naandika haya kwa ajili ya kila kijana wa Garissa, Wajir au Mandera mwenye sanduku la mota kuukuu chini ya kitanda na picha ya mashine ya filamu kwenye simu yake. Jengeni. Lakini kwanza nisikilizeni.

Mimi ni fundi wa simu. Roboti niliyoipenda ni R2-D2, ile fupi ya filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977. Umbo lake ni pipa lenye kichwa cha kuba, na kimo chake kinakaribia sentimita 109. Haisemi neno hata moja, hupiga mbinja na milio tu, na bado mtazamaji anaielewa. Kilichonivuta zaidi ni kazi yake. Katika hadithi ile yeye ndiye fundi: chombo cha angani kikiharibika safarini, yeye hutumwa nje kukitengeneza huku risasi zikipita. Nikajiambia kwamba fundi anastahili sanamu yake, na kwamba sanamu hiyo itasimama Garissa.

Nilianza Desemba 2022, na nilianza na kichwa. Nilipata sufuria kubwa ya pilau yenye upana wa sentimita 46 hivi, nikaikata mikono, nikaipindua, nikaisugua kwa msasa hadi nikajiona usoni mwake. Nikatoboa matundu ya taa, nyekundu, buluu na nyeupe, nikaziunganisha moja moja kwa lihamu. Kazi ya kichwa peke yake ilinichukua miezi mitano. Jioni watoto wa mtaani walikuwa wakijipanga mlangoni kutazama taa zikipokezana, na mpwa wangu, msichana wa miaka 9, ndiye aliyekuwa akishika zamu ya kuziwasha.

Kaka wa mama yangu ni mchomeleaji. Kwetu sisi Wasomali, mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, abti. Mimi humwita yeye Abti, naye huniita mimi hivyo hivyo. Anatengeneza mikokoteni ya punda, ile inayosambaza maji mitaani. Huchukua ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili na mbao, na kabla hajapaka rangi wala kuandika jina lolote ubavuni, huupakia pipa la lita 200 lililojaa maji. Kisha humfunga punda na kuuzungusha kwenye mchanga. Beringi zikilia, mkokoteni unarudi karakanani.

Siku moja alikuja akasimama mbele ya kichwa changu kinachong'aa, akainama, akatazama chini yake.

"Abti, magurudumu yako wapi?"

"Yatakuja, Abti. Kwanza nataka ipate sura."

"Mkokoteni haujaribiwi kwa rangi," akasema. "Hujaribiwa kwa maji."

Nilimheshimu, kwa hiyo sikubishana naye. Lakini moyoni nilisema huyu ni mtu wa punda, na mimi nashughulika na elektroniki. Hilo ndilo kosa la kwanza, na makosa yote yaliyofuata yalizaliwa humo.

Mwili niliutengeneza kwa mabati juu ya fremu ya chuma, nikaupaka rangi nyeupe na buluu. Ulipokamilika, mzigo wote ulikuwa kilo 50, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa juu. Miguu niliiacha mwisho. Nilikuwa nimeagiza kutoka Nairobi mota mbili za kiti cha magurudumu, mota zenye nguvu na gia zake. Novemba 2023 mafuriko yakaikata barabara ya Nairobi kabla ya daraja la Tana, na mzigo wangu ukakwama kama mizigo ya watu wengine. Siwezi kuyalaumu maji. Barabara ilifunguka, nami ningeweza kungoja. Lakini shule moja ya msingi ilikuwa imenialika kwenye siku ya sayansi Februari 2024, nami nilishatangaza kwamba roboti itatembea. Nikaenda gereji, nikanunua mota mbili za waipa zilizotolewa kwenye magari mabovu. Nyaya nilizitoa dukani kwangu, zile nyembamba za chaja za simu, kwa sababu zilikuwepo na zilipita vizuri ndani ya mguu bila kuonekana. Betri ilikuwa ya pikipiki. Fyuzi sikuweka. Swichi kuu niliificha ndani, chini ya kichwa, nyuma ya skrubu nane, ili isiharibu sura.

Nairudia sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo inayoniamsha usiku: swichi ya kuzimia niliificha ili isiharibu sura.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, mchanga wa uwanja ukichoma hata kupitia soli za viatu. Roboti ilianza barazani, kwenye saruji laini. Ikaenda mbele, ikageuza kichwa, ikapiga mlio niliokuwa nimeurekodi. Watoto wakapiga kelele za furaha. Kisha ikateremka kwenye mchanga, na magurudumu yake membamba yakazama. Nikabonyeza rimoti. Haikusogea. Nikaendelea kubonyeza, nikitumaini itajinasua. Kwanza nilisikia harufu ya plastiki, kisha nikaona moshi mwembamba ukitoka shingoni, kama mvuke wa birika.

Mpwa wangu hakuona moshi. Aliona rafiki yake amekwama, akakimbia kumsukuma, akaweka kiganja chake juu ya mguu palepale nyaya zilipopita.

Mlio wake siwezi kuuandika. Nilikimbilia kichwa, nikaanza kufungua skrubu ya kwanza kati ya zile nane, mikono ikitetemeka. Abti, aliyekuwa amekuja kutazama, alinisukuma kando. Aliipindua roboti ubavu, akachomoa koleo mfukoni, akakata waya wa betri. Mlinzi wa shule akamwaga ndoo ya mchanga. Moto wenyewe haukuzidi dakika moja.

Dakika hiyo ilitosha kuleta hatari kubwa kuliko moto. Kule nyuma watu waliona moshi na nyaya, wakasikia mayowe, na mtu mmoja akapaza sauti langoni. Watoto wakaanza kukimbilia lango jembamba. Mji huu una majeraha yake. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, na tangu hapo hakuna kishindo kinachoitwa kishindo tu. Siku 10 baada ya msiba ule, katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kabla ya mapambazuko. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 walijeruhiwa, na hapakuwa na adui yeyote, ni umeme tu. Mimi niliyajua hayo. Hata hivyo nilipeleka kwenye uwanja uliojaa watoto kitu chenye betri, nyaya na siri, bila hata kumweleza mlinzi kilivyo. Walimu wawili walisimama langoni na kuwapunguza mwendo watoto kwa sauti za upole, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekanyagwa.

Mwalimu mmoja alimshika mpwa wangu, akauweka mkono wake chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20 nzima. Mtu alileta dawa ya meno, mwalimu akaikataa. Kumbukeni hilo: kidonda cha moto hupozwa kwa maji safi, hakipakwi dawa ya meno wala mafuta, kisha mtoto anapelekwa hospitali.

Jioni Abti aliifungua roboti karakanani, nami nikamshikia tochi. Mpira wa nyaya ulikuwa umeyeyuka na kushikana na chuma. Mota ya waipa ikizunguka bila mzigo hula ampea chache tu. Ikizuiwa isizunguke, mkondo hupanda mara nyingi, hata kupita ampea 15. Na joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara 5, joto linaongezeka mara 25. Waya wa chaja haukuumbwa kwa kazi hiyo. Fyuzi ndogo ya gari ingekatika kabla ya moshi wa kwanza, nayo ni kitu cha bei ya kikombe cha chai. Nilitumia miezi mitano kwenye sufuria, na sikupata dakika tano za fyuzi.

Baadaye nilisoma jambo ambalo ningelijua mapema kama ningetafuta ushauri badala ya sifa. Wenye R2-D2 wenyewe walifedheheka jangwani. Machi 1976, George Lucas alipoanza kuipiga picha filamu yake ya Star Wars huko Tunisia, R2-D2 ya mota iligoma mara kwa mara. Rimoti haikutii, betri ziliisha, na ilibidi roboti ivutwe kwa waya uliofichwa. Anthony Daniels, aliyevaa vazi la roboti ya dhahabu C-3PO, siku ya kwanza tu alichomwa mguuni na kipande cha vazi lake kilichovunjika. Wale walikuwa na studio nyuma yao, na mchanga haukuwaheshimu. Ungeniheshimu mimi?

Na wapo waliojifunza kusaidiana. Mwaka 1999 Dave Everett wa Australia alianzisha chama cha watengenezaji wa R2-D2, watu wa kawaida wanaogawana michoro na makosa yao. Wawili kati yao, Lee Towersey na Oliver Steeples, waliishia kuajiriwa kutengeneza roboti hiyo kwa filamu ya Star Wars ya mwaka 2015. Waliokuwa wakicheza wakaitwa kazini, kwa sababu mashine zao zilitembea kweli.

Hapa kwetu Afrika namtazama Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi wa Kongo. Mwaka 2013 roboti zake ziliwekwa kwenye njia panda za Kinshasa kuongoza magari. Zilikuwa kubwa, za alumini, na zilikula umeme wa jua. Zilikuwa na sura ya kuchekesha watoto, lakini kazi ndiyo iliyozaliwa kwanza: kusimama juani na mvuani, kuzuia magari, kuruhusu watu wavuke. Sura ilikuja kuitumikia kazi.

Basi funzo langu ni hili. Kijana, anza na kisichosifiwa. Anza na ekseli, gurudumu, waya mnene na fyuzi, na ukijaribu kila kimoja, kijaribu kwa mzigo wake kamili kwenye ardhi utakakokipeleka. Swichi ya kuzimia iweke nje, mahali ambapo hata mtoto ataifikia. Usikubali tarehe ya sherehe iamue ubora wa kazi. Kabla ya kukipeleka kitu chako mbele ya watu, kioneshe kwa mwalimu mkuu, kwa mlinzi na kwa chifu, wakijue ndani na nje. Na mtu wa mikokoteni akikuuliza magurudumu yako wapi, kaa chini umsikilize. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na kinachofanya chombo kielee ni ule ubao ulio chini ya maji, ambao abiria hauoni.

Roboti yetu sasa haina kichwa. Tunaijenga upya mimi na Abti: fremu pana, magurudumu manene, mota za kiti cha magurudumu, fyuzi kwa kila mota, na juu kabisa swichi nyekundu ya kuzimia, kubwa kama kifuniko cha chupa. Inabeba dumu la lita 20 mchangani. Sufuria iko rafuni, imefunikwa kitambaa.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniuliza, "Abti, kichwa tutakiweka lini?"

"Siku itakapofikisha dumu kwa ayeeyo, bibi yako, na kurudi bila kukwama."

Alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono wake wenye kovu, akabonyeza swichi nyekundu, akangoja mota zinyamaze kabisa, ndipo akasema, "Haya, tuanze."