JOTO LISILOTOLEWA HALIFANYI KAZI

Aliyepata kukaa Kate jioni ya mwezi wa Juni ajua jinsi baridi ya Ufipa inavyoingia mara jua likizama. Akiwasha kibatari, yamkini atauliza: Je, ni haki wataalamu watumie mali na akili kuunda mashine za kufua umeme angani, na hali huku chini kuna mtoto asomaye katika moshi?

Swali hili lastahili jibu, wala si la hasira.

Mashine yenyewe si ngeni. Mwaka 1816 Robert Stirling, mchungaji wa Scotland, alipewa hati ya uvumbuzi wake. Siku zile matangi ya mvuke yalikuwa yakipasuka na kuua watu. Yeye alitumia hewa iliyofungwa ndani ya silinda. Ikipashwa moto upande mmoja hutanuka. Ikipozwa upande wa pili hunywea. Na pistoni huenda na kurudi. Angani, kioo kingekusanya miali ya jua, na mabamba mapana yangetoa joto lililosalia gizani. Huko Marekani, hata kufikia mwaka 2020, NASA ilikuwa imeendesha maabarani mtambo mmoja wa ukoo huo kwa miaka 14 bila matengenezo.

Wazee wa Ufipa wangeielewa habari hii. Malungu yao, yaani matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Lakini chuma cha kigeni kilipoenea, moto ulizimika, na sehemu kubwa ya elimu ile ikazikwa pamoja na mafundi.

Basi, kosa si kutazama juu. Aliyefunga hewa katika silinda hakujua itafika wapi. Kosa ni kupokea bila kutoa. Mashine ya Stirling haiendeshwi na joto peke yake: isipolitoa upande wa pili, pande zote mbili hulingana joto, nayo husimama kimya. Elimu nayo ni vivyo hivyo. Itafutwayo kwa mali ya wengi na kufungiwa kwa wachache, imekwisha kusimama, hata ikiwa angani.

Lakini tusiwahukumu wa mbali tu. Kijana wetu aliyejifunza ufundi wa umeme mjini, asiporudi hata likizo moja kumwonyesha mdogo wake namna ya kuunganisha waya, amlaumuje mtaalamu wa Marekani? Enyi wazazi, mwulizeni swali hilo atakapokuja kuwasalimu.