Kujitolea na Kutolewa

Juma hili tutafakari swali ambalo vijana huuliza sana baada ya ibada: kazi ya kujitolea ni sadaka kweli, ama ni njia tu ya kupata kazi ya bure?

Nianze mbali kidogo. Kule Marekani wako wastaafu waliouza nyumba zao wakanunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani. Hiyo ndiyo nyumba yao mwaka mzima. Baadhi yao huenda kwenye hifadhi za kihistoria, mahali palipopiganwa vita ama penye ngome za zamani, wakajitolea kwa miezi kadhaa. Wanapokea wageni, wanaeleza historia, wanafagia. Mpango rasmi wa kuwapokea watu wa kujitolea katika hifadhi za taifa huko ulianza 1970. Mshahara hakuna, lakini mara nyingi wenye magari hayo hupewa mahali pa kuegesha, maji na umeme, na masaa ya kazi hukubaliwa mapema.

Mwingine atasema, "Pastor, huko sio kujitolea. Hao wanalipa kodi ya nyumba kwa ufagio." Nimesomea biashara, kwa hivyo hesabu hiyo naielewa. Lakini Paulo katika 1 Wakorintho 9 anatetea haki ya mtumishi kula kutokana na kazi yake. Maji na umeme havifuti sadaka ya mtu. Kinachoifuta ni kitu kingine, na kukiona hatuhitaji kwenda mbali.

Ukitoka Taveta kuelekea Voi, utaona kilima cha Salaita kando ya barabara. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wanajeshi wa Afrika Kusini wakiwa mbele, yaliwashambulia Wajerumani hapo, yakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata mapigano yakawa Latema na Reata. Pale Taveta kuna makaburi ya wanajeshi hao, yametunzwa vizuri. Lakini nyuma ya wanajeshi kulikuwa na wapagazi, Waafrika waliobeba chakula na risasi kwa kichwa na mabega. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu Waafrika wengi hawakuandikwa majina popote.

Na wengi wao hawakwenda kwa hiari. Sheria ya 1915 iliruhusu wachukuliwe kwa nguvu.

Hapo ndipo lugha yetu inatufundisha. Kujitolea ni mtu kujitoa mwenyewe. Kutolewa ni kutolewa na mwingine. Yule mstaafu akichoka anawasha gari anaenda zake. Mpagazi hangeweza. Kwa hivyo kipimo sio kama ulipata kitu. Kipimo ni kama ungeweza kusema hapana.

Biblia inajua tofauti hii. Hema la kukutania, nyumba ya Mungu ya kusafiri, lilijengwa na watu ambao mioyo yao iliwasukuma (Kutoka 35). Hekalu la Sulemani lilijengwa kwa shokoa ya watu 30,000 (1 Wafalme 5), na mwanawe alipokataa kupunguza mzigo, ufalme ukapasuka.

Sasa tuje kanisani. Kijana anaishi kwa kibarua cha ndizi. Tunamwambia kila Jumamosi aje kupanga viti, bila chai wala nauli. Akikosa mara mbili, jina lake linatajwa kwenye maombi kwamba amerudi nyuma. Wapendwa, huyo hakujitolea. Huyo ametolewa, tena kwa jina la Yesu.

Utauliza, "Na kila mtu akisema hapana, kazi ya Mungu itafanywa na nani?" Soma Kutoka 36. Watu walioachwa huru walileta vitu vingi mpaka Musa akawaambia wasilete tena. Ni lini umesikia kiongozi akisema inatosha?

Kwa hivyo, idara zetu ziandike masaa ya kazi mapema. Anayekuja apate chakula na nauli. Anayesema "leo siwezi" aamkiwe vilevile kesho yake. Na sisi wenye mshahara na Jumamosi ambazo hazina kibarua tuwe wa kwanza kushika ufagio, pale kanisani na hata pale Salaita. Wapagazi hawana cha kutulipa, na Yesu katika Luka 14 alisema heri kumwalika yule asiyeweza kukurudishia. Wao walitolewa. Sisi bado tunaweza kuchagua.