INJINI ISIYOWAKA: TUTAFUTE KOSA AU SABABU?

Mara hii twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo huenda likaonekana la mchezo: Je, yafaa mtu kuikasirikia injini iliyokataa kuwaka? Wengine watacheka. Injini haina masikio. Haisikii matusi wala haiumii. Basi hasira hiyo ina ubaya gani?

Tuchukue mfano wa injini ndogo kabisa. Huko Uingereza na Marekani wako watu, wazee kwa vijana, wanaounda mashua ndogo za mfano na kuziendesha katika vidimbwi kwa redio, wao wenyewe wakiwa wamesimama ukingoni. Baadhi ya mashua hizo zina injini ya kweli, ambayo pistoni yake ina unene wa kidole tu. Haitumii petroli. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Nitromethani, inayoongeza nguvu. Na mafuta ya kulainisha, mara nyingi yale ya nyonyo yatokayo katika mbegu za mbarika.

Wala injini hii haitoi cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini, uliosokotwa. Wakati wa kuwasha, waya hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 hivi. Injini ikishika, betri huondolewa, na waya huendelea kuwa mwekundu wenyewe, kwa maana platini ya moto huunguza mvuke wa methanoli unaoigusa. Mwaka 1817 Humphry Davy wa Uingereza aliona kwamba waya wa platini uliopashwa moto huendelea kung'aa katika mchanganyiko wa gesi na hewa pasipo mwali wowote. Plagi za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1947 na Ray Arden wa Marekani.

Basi injini hiyo yahitaji vitu vinne: mafuta mazima, hewa kwa kadiri yake, joto la plagi, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana haiwaki. Vyote vikiwapo kwa kipimo, haina njia ila kuwaka. Ukaidi hauna mahali pa kukaa humo.

Sasa mtazameni mtu mwenye haraka. Avuta kamba ya kuwashia mara kumi. Haiwaki. Azungusha sindano ya kabureta kulia, kisha kushoto, hata hakumbuki ilikuwa wapi mwanzo. Aongeza mafuta, avuta tena kwa nguvu. Huenda shida ya kwanza ilikuwa betri dhaifu tu. Lakini sasa shida zimekuwa tatu: betri, sindano iliyopotea mahali pake, na silinda iliyojaa mafuta. Na kwa kuwa kimiminiko hakikubali kugandamizwa kama hewa, kuvuta kwa nguvu kwaweza kuupinda mkono wa pistoni. Wahenga walisema, hasira hasara. Hasara ya kwanza hapa si chuma. Ni kwamba mwenye injini ameondoa kwa mikono yake dalili ambazo zingemwonyesha ukweli.

Mwenye subira huenda kwa taratibu. Afungua plagi, aiunga na betri, atazama: waya wang'aa, au umefifia? Ikiwa silinda imejaa, auinamisha mwili wa mashua na kulizungusha gurudumu zito la injini taratibu, plagi ikiwa nje, mpaka mafuta yatoke, huku uso wake akiuweka mbali. Atazama kama mafuta yanapita katika mpira. Mafuta ya zamani ayabadilisha, kwa maana methanoli huvuta unyevu wa hewani. Wala hanyonyi mpira kwa mdomo, kwa sababu methanoli ni sumu ya kupofusha na kuua. Sindano airudisha pale alipoagiza mtengenezaji. Na kila mara abadili jambo moja tu, kisha ajaribu, ili likifaa ajue ni lipi lililofaa.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kuionyesha. Mwenye hasira hutafuta mkosaji. Mwenye subira hutafuta sababu. Na aliyekwisha kumpata mkosaji huacha kutafuta.

Lakini msomaji aweza kutupinga: mwanadamu si injini. Yeye ana hiari, aweza kuwa mvivu au mkaidi kweli. Twakubali. Walakini, katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia wanachuo wetu: kabla hujaandika neno "mvivu" katika ripoti ya mtoto, uliza. Je, amekula? Aliamshwa saa ngapi kwenda kuteka maji? Anapoketi nyuma, aona maandishi ubaoni? Mtoto mwenye macho dhaifu akichapwa kwa kutonakili, shida yake moja imekuwa mbili: macho ni yale yale, na sasa aiogopa shule. Ndiyo ile sindano iliyozungushwa ovyo. Tena kuna jambo zito zaidi. Injini ikiitwa kaidi haisikii. Mtoto akiitwa mjinga husikia, na mwisho huamini.

Vilevile injini haiwezi kusema imekosa nini. Yatubidi kubahatisha na kupima. Mwanadamu aweza kuulizwa naye akajibu. Kuuliza si ujinga. Kama chuma kisicho na kinywa chastahili kuchunguzwa kwa saa nzima, mke, mume, mtoto au mtumishi wetu atanyimwaje dakika tano?

Kweli, mara nyingine baada ya kupima yote huonekana kwamba pistoni imelika na mgandamizo umekwisha. Hapo ni haki kusema wazi, wala si kumuuzia mwingine kama kitu kizima. Hata mtu aliyekosa kwa hiari yake yafaa akemewe. Lakini karipio lililotanguliwa na uchunguzi lina uzito, kwa sababu anayekaripiwa ajua kwamba alisikilizwa kwanza.

Basi tulijibu swali letu. Hasira juu ya injini haimdhuru injini, bali humfundisha mwenye nayo desturi mbaya, na desturi hiyo hurudi naye nyumbani. Tuanze kujizoeza subira juu ya vitu vidogo visivyo na uhai, tupate kuwa nayo tayari siku tutakapoihitaji kwa watu.