Lori Lililotoka Jeshini

Msomaji wangu, huenda umepata kuona barabarani lori lililoinuka juu ya magurudumu mapana, limejaa mchanga au mawe, na rangi ya kijani ya jeshi yachungulia chini ya rangi mpya. Lori hilo halikuundwa kwa ajili ya mchanga. Liliundwa kubeba askari na risasi, likatumika muda wake, kisha likauzwa. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja: mtu anunuapo nguvu ya namna hiyo kwa bei rahisi, je, deni lake limekwisha apokeapo stakabadhi?

Biashara hii si ngeni. Katika Vita Kuu ya Pili Marekani iliunda zaidi ya malori 500,000 ya GMC ya tani mbili na nusu. Amani ilipokuja mwaka 1945, malori mengi ya vita yalibaki bila kazi, yakapata mabwana wapya: wakata magogo, wajenzi, wakulima. Yalifaa sana, kwa kuwa injini huzungusha magurudumu ya mbele na ya nyuma pia, na springi zake ni nene. Kuna wasemao kuwa chombo cha vita hakina baraka. Mimi sikubali, chuma hakina nia.

Lakini chuma kina umri. Lori la jeshi aghalabu limetembea kidogo na kusimama sana, na mnunuzi aonapo mipira ambayo meno yake hayajalika, hufurahi. Walakini mpira huzeeka hata usipotembea. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani, mahali pasipofikiwa na jicho la mnunuzi.

Hata serikali zimepata kujaribiwa na urahisi huu. Mwaka 1947 Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Tanganyika. Matrekta mapya yalikuwa adimu, basi yakanunuliwa mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mitambo mingi iliwasili imechakaa, ikashindwa upesi na vichaka na udongo mgumu, na mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sisemi kuwa mitambo pekee ndiyo iliyouua, maana mvua ilikuwa haba na haraka ilikuwa nyingi. Ila pale hasara ilionekana na watu wote, ikaandikwa vitabuni. Yanitatiza zaidi mambo yasiyoonekana.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alinunua Bedford moja kuukuu iliyotoka jeshini. Fundi wake, mzee wa maneno machache, aliondoa mabenchi ya askari, akajenga bodi ya mbao, akabadili mipira yote mjomba akinung'unika. Jioni moja lori lilipakiwa magunia arobaini ya mahindi, tayari kuteremka Bonde la Ufa. Fundi alikanyaga breki, akakanyaga tena, akashuka na kuanza kufungua gurudumu.

"Mzee, ni safari moja tu," mjomba alimsihi.

"Bwana, mteremko nao ni mmoja tu," akajibu.

Mahindi yale yalichukuliwa na lori la mtu mwingine, na mwenye mahindi hakumwita mjomba tena.

Je, fundi yule alitenda haki? Usifanye haraka kujibu. Yamkini lori lingefika salama. Hasara ya mjomba ilikuwa na hesabu: fedha kadha, na mteja mmoja. Faida aliyoileta fundi haikuwa na hesabu yo yote, kwa kuwa ajali isiyotokea haina shahidi. Daktari aponyaye hushukuriwa na mgonjwa. Nani atamshukuru fundi kwa mgonjwa asiyekuwako?

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Naona kwamba bei rahisi ya lile lori mjomba aliifaidi peke yake, bali hatari yake ingewaangukia pia watu waliokuwa wakipanda mteremko ule kwa miguu, ambao hawakuwako siku ya kununua wala hawakuulizwa. Fundi aliwasemea hao. Lakini nakiri kwamba ni rahisi kwangu kusema hivi, mimi ambaye sikuwa na deni la kulipa mwisho wa mwezi.

Usiku ule nilimshikia fundi taa. Alipoitoa silinda alituonyesha kutu ndogo, haikuzidi punje ya mtama.

"Ni hii tu?" mjomba akauliza.

Mzee hakujibu. Alifuta mikono, akaniambia niisogeze taa kwenye gurudumu la pili.