Mpira Uko Wapi?

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye kibanda umiza kimoja hapa kwetu Manchira, karibu na bwawa, nikimtafuta mzee wa kanisa tuongee habari ya mabati. (Sawa, nilikaa mpaka kipindi cha pili.) Benchi la mbele alikuwepo babu mmoja ambaye macho yake yalizimika zamani, kofia magotini, fimbo katikati ya miguu. Mtangazaji wa kwenye luninga alikuwa anasimulia mchezaji fulani alinunuliwa kwa fedha ngapi na alitokea klabu gani. Babu akageuza shingo, akauliza, "Mpira uko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Wenye macho walikuwa wanatazama.

Swali lile lilinirudisha kwenye redio ya mbao ya marehemu baba. Sisi tuliokulia jirani na mpaka wa Kenya tulimsikiliza Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya kama mtu wa nyumbani. Wakati ule msikilizaji wa mpira alikuwa kipofu, hata mwenye macho mazima. Ulichoambiwa ndicho ulichokiona.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 huko Freretown, Mombasa, mahali walipowekwa na wamisionari wa Kianglikana watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Nikiwaza kwamba katika uzao wa watu waliouzwa kama mizigo alitoka mtu ambaye nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza, huwa nanyamaza na mimi. Alitangaza mpira, na tangu 1966 akaongoza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, akituonya juu ya tabia zetu huku tukicheka.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Anga waliotaka kumpindua Rais Moi walimfuata Mbotela nyumbani kungali mapema, wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imeangushwa. Akatangaza. Kabla siku haijaisha, majeshi ya serikali yalikuwa yamekirudisha kituo, na sauti ile ile ikawaambia wananchi kwamba maasi yameshindwa.

Hebu tutulie hapo kidogo. Bunduki walikuwa nazo, studio wameiteka, mikrofoni ipo mezani. Kwa nini wahangaike kumtafuta mtangazaji wa mpira? Ni kwa sababu watu walikuwa wakimwamini, na imani hiyo haikutengenezwa asubuhi ile. Mtangazaji huikusanya miaka mingi, kidogo kidogo, kwa vitu ambavyo havina uzito: kona aiite kona, na goli la timu anayoipenda likikataliwa, aseme limekataliwa, ingawa moyo unamuuma.

Simlaumu kwa alichosoma akiwa ameshikiwa silaha. Mimi nimewahi kusoma mimbarani tangazo ambalo nilijua lina uongo ndani yake, na nyuma yangu hapakuwa na askari. Palikuwa na mtu aliyetuahidi saruji.

Somo letu wiki hii ni Yohana 1:19–28. Makuhani na Walawi wanamhoji Yohana Mbatizaji kando ya mto: wewe nani hasa? Anakataa cheo kimoja baada ya kingine, na akibanwa sana anasema yeye ni sauti tu. Ni kazi ngumu, tena ngumu zaidi kwetu wachungaji. Mtangazaji hagusi mpira hata mara moja dakika zote tisini, na siku akianza kujisimulia mwenyewe, mpira umepotea.

Marekani, kwenye ule mpira wao wa kubeba mikononi, alikuwepo Pat Summerall, mchezaji wa zamani aliyekuja kutangaza fainali 16 za Super Bowl kwenye televisheni. Alisifika kwa maneno machache: mtazamaji anaona, ya nini kumjazia masikio? Hapo namheshimu. Lakini yule babu wa benchi la mbele luninga haikumhesabu.

Mwaka 2025 ulituondolea sauti mbili kubwa: Mbotela tarehe 7 Februari, akiwa na miaka 84, na Charles Hilary wetu tarehe 11 Mei, yeye aliyepita Radio Tanzania, Radio One, Ujerumani, BBC na Azam kabla ya kuwa msemaji wa Serikali ya Zanzibar. Nilipopata habari hizo nilitafuta ile redio ya baba. Panya walishakula waya.

Pale kibandani, babu aliuliza mara ya pili. Safari hii kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa amesimama mlangoni alipenya katikati ya watu, akachuchumaa kando ya benchi, mdomo karibu na sikio la mzee.

"Kona, babu. Goli la upande wa bwawa."

Babu akavaa kofia, akakaa vizuri, akageuzia uso wake bwawani.