Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Watu wawili wanafanya kazi ile ile katika kampuni moja. Mmoja ni mwenyeji. Mwingine ameletwa na makao makuu kutoka ng'ambo, na mshahara wake ni mara kadhaa ya ule wa mwenzake. Je, hii ni haki? Nimeshughulikia masuala ya utumishi katika kampuni za kigeni hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali hili limenifuata kila ofisi.

Tumtendee haki mgeni kwanza. Ameacha nyumba yake, watoto wamehamishwa shule, na pengine mwenzi wake ameacha kazi. Ndiyo maana kampuni nyingi za kimataifa huanza na mshahara wa kwao, kisha huongeza makazi, ada za shule na nauli za likizo, ili asipate hasara kwa kuhama. Fidia hiyo siipingi. Mtanzania akipelekwa Uingereza na kampuni hiyo hiyo, naye anaistahili.

Lakini fidia ni kwa kile mtu alichokiacha. Ujira ni kwa kile anachokifanya. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja asili ya taifa miongoni mwa mambo yasiyopaswa kuwa msingi wa ubaguzi kazini. Waajiri hujibu kwamba soko ndilo linalopanga bei ya kila mtu. Naam, soko laweza kutueleza jambo limetokeaje. Kama ni jema au baya, hilo soko halisemi.

Namkumbuka fundi mmoja aliyemfundisha mgeni mtambo ambao mgeni huyo aliletwa kuusimamia. Taarifa ilipokwenda ng'ambo, jina la fundi halikuwemo. Akaniambia, "Mzee, nyumba yake siionei wivu. Lakini kazi niliyoifanya mimi, mbona imeandikwa yake?" Hapo nikaona kwamba pengo la fedha huuma, lakini kufutwa huuma zaidi.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aandae mpango wa namna ujuzi wa mgeni utakavyorithishwa kwa raia. Ni sharti zuri. Hata hivyo, mpango unaweza kukaa kwenye faili hadi mgeni afunge mizigo, kwa sababu anayefundisha vizuri anaharakisha mwisho wa kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana jambo hili, ndugu msomaji, linahitaji dhamiri pamoja na sheria.

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuuliza mgeni anakula nini. Waliuliza mwenyeji atabaki na nini. Kwa maoni yangu, malipo makubwa ya mgeni ni deni, nalo hulipwa kwa mwenyeji anayeweza kukalia kiti kile bila msaada, na kwa jina lake kuandikwa panapostahili. Asiyelilipa deni hilo amedhulumu, hata kama mkataba wake hauna kasoro.