Nani Asubiri?

Hapa Milanzi, baridi ya Ufipa ikikaza usiku, sisi wapangaji sita tunagombania intaneti ya ruta moja. Juzi nilikuwa natuma hadithi yangu kwa mhariri, haiendi. Jirani yangu, mtundu wa kompyuta, akaninong'oneza: "Mshikaji, naweza kuirekebisha mashine yako iache kusubiri. Nani atajua?"

Kumbe Wi-Fi ina adabu yake. Kila chombo husikiliza kwanza. Kikisikia mwenzake anasema, hunyamaza, kisha husubiri muda wa kubahatisha. Ujumbe ukigongana, ukomo wa kusubiri huongezwa maradufu. Hakuna mgambo anayesimamia.

Mwaka 1971 huko Hawaii, mtandao wa ALOHA uliacha kila chombo kijisemee kinapotaka. Hesabu zikaonyesha kuwa kwa mtindo huo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya uwezo wa njia inayofaa kitu.

Wataalamu wa nadharia ya michezo hutuonya: wote wakiiba zamu, wote hukosa. Sawa. Lakini nikiiba peke yangu? Hapo hesabu hainikatazi, bwana, inanipa ushindi! Anayenikataza ni dada wa chumba cha pili, anayehangaika kutuma maombi ya mkopo wa chuo. Haraka yangu ingetoka kwenye subira yake, naye angelaumu mtandao tu.

Nilimwambia jirani aache. Hadithi ilifika alfajiri. Je, wewe ungesubiri?